Wimbo wa Mwisho, Upande wa Pili

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu wa mji wa Meru wasikilize nini. Wacheni kucheka. Ilikuwa miaka ya tisini, na mtu aliyetaka wimbo mpya ilibidi aje kwa miguu yake mpaka kwenye kibanda cha kanda nyuma ya soko, aegemee kaunta, aseme, "Dada, leo umetupikia nini?" Nami sikukimbilia kujibu. Nilimtazama usoni, nikamuuliza mara ya mwisho alipenda nini, halafu nikaamua. Nilikuwa na maringo, sikatai.

Nyimbo za redio tulikuwa nazo, ndizo zilizolipa kodi ya kibanda, lakini hizo zilijiuza zenyewe na hazikuhitaji mdomo wangu. Mdomo wangu niliuwekea zile nilizoziita nyimbo za kando. Vijana wa chuo waliojirekodi bwenini kwa gitaa la kuazima. Bendi za ng'ambo zisizo na kampuni, ambazo kanda zao ziliachwa na wazungu wa kujitolea walipomaliza kufundisha na kurudi kwao. Mwanamke mmoja aliyeimba bila ala yoyote, akipiga meza tu. Nilizichagua, nikazipanga, nikazinakili kwa ile mashine yetu yenye milango miwili, na kila mwezi nikatoa mseto mpya. Waliokuwa na masikio walijuana. Walikuja Jumamosi, wakabishana pale kauntani mpaka mwenye kibanda akanung'unika kwamba wanazuia wateja.

Wawili kati yao ndio ninaowakumbuka zaidi. Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari kule Kaaga, mtu wa miwani na koti, aliyejua kueleza kwa nini wimbo ni mzuri mpaka ukajiona mjinga kwa kuupenda bila sababu. Wa pili alikuwa mfungaji wa miraa kutoka Laare. Kazi yake ilikuwa kukaa kitako na kufungia vitita kwenye majani ya mgomba kabla gari halijaondoka kwenda Nairobi, na alisema mikono yake haiendi bila muziki. Huyo hakueleza chochote. Akiupenda wimbo alitikisa kichwa na kusema, "Huyu ameumia," basi. Maneno ya mwalimu ndiyo niliyoyaogopa.

Sasa ndugu yangu. Sisi ni watu wa Kiambere, Mbeere ya chini kule karibu na bwawa, kwenye joto na mbuzi. Nyaya za umeme zilipita juu ya vichwa vyetu zikienda kwa wengine, nasi tukawa tunaanika betri za redio juani zipate nguvu kidogo. Mdogo wangu huyo gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa debe la mafuta. La pili alilinunua baada ya kuuza beberu wake, na nadhani alilia. Alitunga kwa Kimbeere, nyimbo za polepole, za mtu anayetembea peke yake nyuma ya mifugo. Hakuna kampuni ambayo ingemtaka. Akampata mtu Embu mjini mwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akajirekodi mwenyewe pande zote mbili kwa siku moja.

Wimbo wa mwisho, upande wa pili, aliuimba na mama. Alikuwa amembembeleza kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameokoka, na nyimbo zisizo za kanisani alikuwa ameziacha zote, hata zile za kutwangia mtama. Mwishowe alikubali kumwitikia katika wimbo huo mmoja tu. "Mara moja," alisema. "Mara moja ni kwa ajili ya mwanangu, Mungu ataelewa. Mara ya pili itakuwa ni mimi nataka kusikika." Mama akishasema hivyo, huwezi kurudi kumwomba tena.

Kanda zilipoletwa nyumbani kwenye katoni nilikuwa nimeenda kuwasalimia. Mama aliniuliza vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kanda ni vya nini. Nikamweleza, mimi na mdomo wangu, kwamba vikivunjwa mashine haiwezi kurekodi tena juu yake, kilichomo kinabaki. Alinyanyuka akaleta kisu cha jikoni. Akaketi kwenye kigoda akavivunja vyote, kanda baada ya kanda, vipande vikimrukia kwenye leso. "Sasa hakuna wa kuzifuta," akasema, na akanishukuru kwa kumfundisha.

Ndugu yangu alibakisha kanda moja ya nyumbani, nyingine zote akanipa nirudi nazo Meru. "Wewe ndiye unawajua watu wanaosikiza," aliniambia. "Wewe ukisema ni nzuri, watasikia." Hakuota utajiri, maskini. Alitaka wageni, watu wasiomjua mama yetu wala mbuzi wetu, wamsikilize mpaka mwisho. Hilo tu ndilo aliloniomba.

Na mimi niliipenda ile kanda! Hapo ndipo panaponichoma. Ingekuwa mbaya ningekuwa na kisingizio. Ule wimbo wa mwisho, pale mama anapoingia nyuma ya gitaa kwa sauti yake ya kukwaruza, niliusikiliza peke yangu kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la kibanda, na vinyweleo vya mikono vikinisimama. Nilijua vizuri nilichonacho. Kazi yangu ilikuwa kujua.

Jumamosi moja nikajipa moyo, nikaiweka. Mwalimu alikuwepo, na wengine wawili watatu. Gitaa likaanza, jogoo akawika mahali fulani nje ya magodoro ya Embu, ndugu yangu akafungua kinywa. Mwalimu akainua miwani. "Ala! Nani ameacha mbuzi waingie studio?"

Wote wakacheka. Haukuwa ubaya, ulikuwa utani wa Jumamosi, na Mmeru na Mmbeere wamezoea kuchokozana. Ningeweza kumrudishia. Ningemwambia mbuzi hao ni wa kwetu, tafuta kiti usikilize. Badala yake nilihisi uso unawaka. Nilikuwa nimekaa mjini miaka nikiongea Kimeru cha sokoni, na wengi walidhani mimi ni wa hapo hapo. "Hata sijui ni ya nani," nikasema. "Kuna mtu aliiacha hapa." Nikaitoa, nikaweka kitu cha ng'ambo, na mwalimu akanisifu kwa hicho cha ng'ambo.

Sijui ni ya nani. Mtoto wa tumbo moja na mimi, niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Katoni nikaisukuma chini ya kaunta kwa mguu. Ndugu yangu alipotuma salamu kuuliza mambo yanaendaje, nilimrudishia kwamba watu wanaisikiliza polepole. Watu gani hao? Kulikuwa na mimi na panya.

Ikafika Desemba. Kila mtu alitaka mseto wa kwenda nao nyumbani, na kanda tupu zikakosekana mji mzima. Mwenye kibanda akainama, akaivuta ile katoni. "Hizi zinalala hapa za nini?" Desturi yetu, na ya vibanda vyote nilivyovijua, ilikuwa kwamba kanda isiyotembea hugeuzwa kuwa kanda tupu. Unasokota kipande cha gazeti, unakijaza kwenye kitundu palipovunjwa kimeno, mashine inadanganyika, unarekodi juu yake. Lakini alikuwa mtu wa haki, akaniuliza kwanza. "Zina mwenyewe?"

Alinisubiri nijibu. Ningesema ni za ndugu yangu, angezirudisha pale pale na kuniuliza habari zake. Ila ningelazimika kueleza kwa nini nilizificha, na kwa nini mbele ya watu nilisema simjui. Wateja walikuwa wamejaa dirishani. Niliona ni rahisi zaidi kupoteza kanda kuliko kujieleza, na hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, haki ya Mungu.

"Hazina mwenyewe," nikasema. Nikachukua gazeti, nikaanza kusokota.

Nilizimaliza zote kabla ya Krismasi. Nilifanya kazi huku nimezima sauti ya mashine, nikijidai ni kwa sababu kelele za dirishani zilitosha. Ndugu yangu akafutika upande wa kwanza, akafutika upande wa pili, na juu yake wakaketi vijana wa chuo na bendi za ng'ambo na yule mwanamke wa kupiga meza. Wateja waliondoka wamefurahi, wakanitakia heri.

Mwezi wa kwanza ndugu yangu akaja mwenyewe, amevaa shati lake la kanisani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchungulia chini ya kaunta. Katoni ilikuwa tupu, nimeigeuza pa kuwekea miguu.

"Zimeisha?"

"Zimeisha."

Aliketi juu ya ile katoni ikabonyea, akacheka mpaka akashika uso. Sikudanganya, zilikuwa zimeisha. Nikatoa pesa za mshahara wangu nikampa, nikisema ni zake. Hakuzihesabu. Alikwenda moja kwa moja kumnunulia mama kitambaa cha kichwa, akarudi kunionyesha rangi. Kijani. Nikamwambia kinapendeza.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoumbuka. Mseto wangu ulikuwa mfupi kuliko kanda. Nyimbo zangu zilipoisha upande wa pili, nilizima mashine upesi nikamhudumia anayefuata, kama nilivyozoea. Kwenye kanda tupu kinachobaki baada ya hapo ni kimya, hakuna anayejali. Lakini zile hazikuwa tupu. Baada ya wimbo wangu wa mwisho palikuwa na mlio mdogo, halafu, bila mwanzo, katikati ya neno, ndugu yangu na mama yangu.

Wa kwanza kuja alikuwa yule wa Laare. Hakusalimia hata. "Dada, huyu wa mwisho, huyu aliyekatwa mwanzo. Na huyo mama nyuma yake." Akatikisa kichwa. "Hao wameumia. Nataka wimbo wote."

Nikashika kaunta. Nikamwambia ni watu wa Kiambere, nitamtafutia. Akaja na rafiki zake wiki iliyofuata, nao wakauliza. Wakaja wa Nkubu, wakaja wa Maua. Kila mtu alitaka wimbo wa mwisho upande wa pili, na kila mtu alinisifu kwa ujanja wa kuuficha mwisho bila kuutaja. Wacha wee! Katika miaka yangu yote ya kupendekeza nyimbo, hakuna wimbo nilioupendekeza ukapendwa namna hiyo, na huo nilikuwa nimeufuta.

Mwalimu naye alifika. Alivua miwani, akaipangusa. "Nimekaa na mseto wako mwezi mzima," akasema. "Ule wa mwisho ndio wimbo. Hizo nyingine ni kelele za kumkaribisha. Huyu kijana ni nani, na kwa nini umetunyima mwanzo wake?" Hakukumbuka mbuzi hata kidogo. Nilitamani kumrushia kanda usoni. Lakini yeye alicheka mara moja tu, akasahau. Mimi ndiye niliyechukua gazeti.

"Ni ndugu yangu," nikamwambia.

"Ndugu yako! Na hukusema?"

Nikajifanya napanga rafu.

Nilijua lazima ndugu yangu naye atausikia, na aliusikia. Aliingia kibandani anahema, ametoka Embu. "Dada, nimejisikia! Niko hotelini nakula maharagwe, redio inaimba kanda ya nyimbo za watu, zikaisha, nikasikia mama! Haki nilisimama na kijiko mkononi. Nikawaambia huyo ni mimi, wakadhani nina wazimu." Akanikumbatia juu ya kaunta, mbele ya wateja. "Kumbe uliniweka mwisho. Kila kanda, kumbe, uliniweka mwisho ndio waondoke nami."

Nikamwacha anikumbatie. Mungu anisamehe, nilimkumbatia pia.

Halafu akaniachia, akauliza bila lawama yoyote, kama anayeuliza bei ya sukari, "Lakini mbona ulikata mwanzo?"

"Kanda ni fupi," nikasema.

"Ni kweli," akasema. "Kanda zenu ni fupi." Akaamini. Angeamini chochote nilichomwambia siku ile.

Kilichomleta ni kingine. Kanda ya nyumbani ilikuwa imeliwa na redio, ikatoka matumbo nje, wakashindwa kuizungusha kwa kalamu. Alikuwa amepitia Embu kwa yule mwenye chumba cha magodoro, akaambiwa mkanda mkubwa wa kwanza, ule zilikonakiliwa kanda zote, ulisharekodiwa kwaya juu yake. Na mama hawezi kuimba tena, hilo halikuwa na mjadala. Alikuwa amealika majirani Jumamosi waje kusikiliza kilichotuletea sifa. "Nitafutie moja tu nzima," akaniambia. "Kwa wale walionunua, hawawezi kukosa mmoja wa kutuazima. Ni watu wengi hao."

Nilitafuta. Ndiyo, nilitafuta, kama mtu anayeweza kukuta asichokiacha. Niliwaomba wateja waniletee kanda zao, nikazisikiliza zote mpaka mwisho, kila moja nikisubiri ule mlio mdogo. Moja ilikuwa na maneno machache tu ya mama. Nyingine ilikuwa na gitaa la kumalizia, basi. Nyimbo za awali za ndugu yangu hazikuwepo popote duniani. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa kwenye kanda ya yule wa Laare: kama nusu ya wimbo, kuanzia pale mama anapoitikia mara ya pili. Alinipa bila kuniuliza. "Lakini urudishe," akasema. "Mikono yangu itakufa."

Nikaenda nayo Kiambere. Uani palikuwa pamepangwa vigoda na mabenchi ya kanisa, betri zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi. Nilimvuta ndugu yangu kando nikamwambia nzima imekosekana, nimepata nusu. Nilikuwa nimejiandaa aniulize inawezekanaje, katoni yote ile. Nilikuwa nimejiandaa hata kumwambia. Alikuna kichwa kidogo tu. "Si mwanzo ninaujua? Mwanzo nitauimba mwenyewe na gitaa. Nikifika pale, unabonyeza redio, tunaendelea na mama." Akafurahi kwa wazo lake, akaenda kukaza nyuzi.

Mama alikuwa amevaa kitambaa cha kijani. Alinyoosha mkono aione kanda. Aliigeuza, na kidole gumba kikaenda chenyewe mgongoni, pale alipokuwa amevunja. Kikasimama. Akaingiza ukucha, akachomoa ncha ya gazeti lililosokotwa, akaitazama, akairudisha ndani kwa uangalifu kama ilivyokuwa.

"Hii niliivunja kwa mkono wangu," akaniambia kwa Kimbeere, polepole, na ndugu yangu hakusikia.

"Mama..."

Aliniwekea kanda kiganjani, akanifunga vidole juu yake. "Kaa hapa kwenye redio," akasema. "Wewe ndiye unajua tulibakia wapi."

Ndugu yangu akasimama mbele ya majirani. Akawaambia kwamba mtu akiwa na dada kama wake hahitaji kampuni, kwamba dada yake ndiye aliyemfikisha Meru na Laare na Embu kwa mdomo wake. Watu wakanipigia makofi. Kisha akaimba mwanzo, ule mwanzo ambao hauko popote isipokuwa kinywani mwake, aliuimba vizuri kuliko alivyouimba Embu, na alipofika mahali pake akaniinulia nyusi. Nikabonyeza. Sauti ya mama ikatoka kwenye redio, ikamwitikia mwanawe, na wanawake wa kanisani kwake wakapiga vigelegele wakisahau kwamba ni wimbo wa dunia.

Wakataka tena. Nikarudisha nyuma, nikasubiri, nikabonyeza. Wakataka tena, na tena, mpaka betri zikachoka na sauti ya mama ikaanza kujiburura. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu, mdomo ameufunga, mikono mapajani. Wengine wote waliitazama redio. Yeye alikuwa akinitazama mimi.